Kofia ya Baba Mkwe

Jumatano, 2 Julai

Hatimaye! Baba mkwe anakuja Songea.

Zuhra kaniambia nikiwa nafunga duka, nusura niangushe boksi la plagi. Baba yake, mzee Jumanne, mkulima wa korosho wa Tunduru, anafika kesho na basi. Anataka kutembezwa. Anasema kila akija Songea huishia hospitali, akitoka huko anapandishwa basi anarudi, Songea yenyewe hajaiona. Makumbusho ya Majimaji anayasikia redioni tu. Kanisa la Peramiho vilevile. Anakuja na Zulfa, kitinda mimba wake, ambaye anaolewa mwezi wa tisa. Matembezi yakiisha atataja nani awe mwenyekiti wa kamati ya harusi.

Mwenyekiti wa kamati. Meza ya mbele. Ua kifuani. Maiki mkononi.

Niseme ukweli, maana hapa hakuna anayesoma. Kwenye harusi ya Saada, mdogo wake Zuhra, mimi niliwekwa kulinda pikipiki za wageni. Kamati ya parking, mjumbe peke yangu. Pilau lilinifikia likiwa ukoko. Miaka yote hii niliyomuoa binti yao, kule ukweni bado naitwa "yule wa Songea". Jina langu Muhsini. Si jina gumu. Na wala mimi si wa Songea, ni Mndendeule wa Namtumbo, hapa nimefuata biashara ya vipuri vya pikipiki. Hotuba yangu ya mwenyekiti ninayo kichwani tangu zamani. Inaanza na salamu na inaishia watu wakiwa wamesimama.

Tatizo ni moja. Swalehe, mume wa Saada, naye anakuja. Mwalimu wa historia, mtu wa Tanga, kila sentensi anaianza na "kwa hakika". Nimejaribu kusoma historia kwenye simu ili nimpiku. Nimejikuta natazama mechi.

Kwa hiyo nimepata mpango. Osmund! Fundi pikipiki, jirani yetu hapa Mshangano, Mngoni wa kuzaliwa, besi wa kwaya. Ana sauti ambayo hata akidanganya unadhani ni tangazo la serikali. Nimemuahidi tairi la nyuma. Kazi yake ni kuvaa tai na kuwa Afisa Utalii. Kila tukisimama atauliza swali gumu, nami nitajibu kabla Swalehe hajafungua mdomo. Maswali na majibu tumeyapanga wenyewe. Zuhra hajaambiwa.

Alhamisi, 3 Julai

Wamefika. Baridi kali. Mzee Jumanne kashuka kwenye basi na kanzu, koti juu yake, na kofia yake aliyoshonewa kwa mkono na marehemu mama mkwe. Hiyo kofia haivuliwi hovyo. Nimempa shikamoo mbele ya Swalehe, kwa makusudi. Kaitikia marahaba, kisha kamuuliza Zuhra kama mimi ndiye yule wa Songea.

Nimecheka. Ndani sikucheka.

Mzee si yule niliyemzoea. Tangu mama mkwe afariki amekuwa mtu wa maneno machache. Zuhra anasema kule nyumbani anaweza kukaa barazani kutwa nzima bila kumsemesha mtu. Zulfa anaogopa baba yake hata kwenye harusi atakaa vile vile, kama mtu anayesubiri basi.

Chakula cha usiku kilikuwa ugali, kuku, na vita. Swalehe kasema kwa hakika Majimaji ilianzia huko kwa Wamatumbi kabla ya kufika huku Ungoni. Nikasema hilo kila mtoto wa Mshangano analijua. Kaniuliza kwa upole ilifika huku mwezi gani. Nikamsogezea mboga.

Nilipanga kumpa mzee blanketi zito na Swalehe lile la mitumba lenye tundu. Zulfa kabadilisha bila kujua. Sasa mzee atatetemeka, na Swalehe lazima atampa lake. Nimewasikia hivi sasa. Ndiyo, ameshampa. Mzee kamshukuru kwa jina. Swalehe, mwanangu, ndivyo alivyosema.

Haidhuru. Jumamosi ni yangu.

Ijumaa, 4 Julai

Gari limepatikana! Noah ya kwaya ya kina Osmund. Nzuri, safi, ila juu ya paa ina spika, na ukiwasha injini tu nyimbo za kwaya zinaanza. Hazizimiki. Fundi aliyeunganisha zile waya alikosea. Fundi mwenyewe ni Osmund. Kasema tusizingatie.

Baada ya swala ya Ijumaa tumefanya mazoezi nyuma ya duka. Osmund na tai, na kitambulisho kifuani. Kitambulisho ni cha semina ya wafugaji wa nyuki, lakini kwa mbali hakisomeki. Anauliza vizuri, anakunja uso kama mkaguzi. Majibu mimi nasahau. Basi nimeamua kuyaandika kiganjani, kwa peni, moja chini ya jingine, kwa mpangilio wa maswali. Kijana aliyekuja kununua bolti kaniuliza kama nina mtihani. Nimemwambia ninao, tena wa maisha.

Mpango huu hauna tundu. Nimeutazama kila upande.

Zuhra kaniona nikijitabasamia kwenye kioo. Kasema yeye anaomba kitu kimoja tu kesho, nisimtie aibu mbele ya baba yake. Nimemwambia baba yake atarudi Tunduru akilitaja jina langu njia nzima.

Jumamosi, 5 Julai

Siku kubwa.

Tumeondoka nyumbani kwa shangwe. Mimi usukani, mzee kiti cha mbele, kanzu nyeupe, na spika juu inaimba haleluya Songea nzima. Watu wa barabarani wanapunga mikono. Mama mmoja alifanya ishara ya msalaba. Swalehe kaniuliza kama hiyo ni sehemu ya ratiba. Nikasema ni kuonyesha umoja wa wananchi wa Ruvuma. Mzee nilimwona kidole kinagonga goti, taratibu, kwa kufuata ngoma.

Adhuhuri ikaingia. Tukasimama msikitini. Nikaswali vizuri kabisa, nimetulia, namuomba Mungu uenyekiti. Natoka nje, naangalia kiganja. Cheupe.

Udhu! Nimetawadha majibu yote. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, mara tatu tatu kama inavyotakiwa.

Osmund katupokea nje ya makumbusho na tai yake. Kajitambulisha kwa sauti ile. Nikajaribu kumkonyeza kwamba majibu yamekwenda na maji. Kadhani nina mchanga jichoni, kaniletea leso. Tukaingia. Kasimama mbele ya ngao, kakunja uso, kauliza ni nani kati yetu anaweza kusema ngao hii imetengenezwa kwa kitu gani.

Majibu niliyakumbuka. Mpangilio ndio ulikuwa umepotea. Nikajibu kwa nguvu, elfu moja mia tisa na tano.

Osmund, ambaye hajui kuacha, kasema vizuri sana, na je, vita vilianza mwaka gani? Nikasema ngozi ya ng'ombe.

Swalehe kageukia ukutani. Mabega yalikuwa yanacheka. Zulfa kaziba mdomo na ushungi. Zuhra kaniangalia, sitaki kuandika kaniangalia vipi. Mama mmoja wa pale makumbusho, mtu na kazi yake, kaja akatuomba kwa heshima kwamba kama hatutajali yeye atatuelezea. Osmund karudi nyuma kama mwanafunzi. Na Swalehe sasa kapata mwenzake. Kwa hakika hiki, kwa hakika kile. Mzee anaitikia kwa kichwa. Uenyekiti niliuona unakwenda upande wa pili wa chumba kwa miguu yake.

Halafu tukafika nje, kwenye kaburi la wale mashujaa walionyongwa na Wajerumani. Pale hata Swalehe aliziacha kwa hakika zake. Mzee kasimama muda mrefu. Osmund kavua kitambulisho chake cha nyuki akakitia mfukoni, akainama, akaanza kuokota majani makavu yaliyoangukia pale, moja moja. Mzee akawa anamtazama. Kamuuliza yeye mtu wa wapi. Osmund kajibu yeye Mngoni, kwao ni hapa hapa. Mzee kasema na yeye ni Myao wa Tunduru.

Wakaangaliana. Tukatoka barabarani.

Na hapo ndipo ilipotokea. Tumefika tu kwenye gari, Osmund kanyoosha mkono akakwapua kofia ya mzee kichwani! Ile ile ya marehemu. Kaivaa yeye. Kasema kwa sauti ya besi kwamba Wayao wote ni mateka wa babu zake, huyu mmoja alitoroka, leo amejileta mwenyewe kwa gari, na kofia haitoki mpaka aletewe jogoo.

Nilisahau! Wangoni na Wayao ni watani, kunyang'anyana vitu kwao ni ruhusa. Mimi Mndendeule, Osmund hunitania kidogo tu, ananinywea soda zangu dukani. Sikufikiria kabisa kwamba nampeleka Mngoni mbele ya Myao mzima mzima.

Swalehe naye hakujua, na kosa lilikuwa langu. Kwake huyu si mtani, ni Afisa wa Serikali, nimemtambulisha mwenyewe. Na afisa wa serikali anamnyang'anya mzee wa watu kofia mchana kweupe. Kapandwa na hasira za kweli. Kasema huu ni wizi, kasema atampeleka mbali, kamshika Osmund shati, viatu vyake vya Tanga vikateleza akakaa chini. Watu wa bodaboda wakajaa. Askari wa usalama barabarani akavuka kuja.

Swalehe kaeleza yote kwa mpangilio, na tarehe juu. Askari kasikiliza, katoa kalamu. Kamuuliza Osmund kabila lake. Mngoni. Kamuuliza mzee. Myao. Askari karudisha kalamu mfukoni. Kasema yeye Mpogoro, naye ni mtani wa Wangoni, na bahati ya huyu Mngoni ni kwamba yeye yuko kazini, la sivyo angemvua viatu arudi kwao pekupeku. Kisha kauliza, kwa kupitisha muda tu, huyu afisa ni wa ofisi ipi. Osmund kanyoosha kidole kwangu. Kasema bosi wake mimi.

Wote wakanigeukia. Nikasema jambo la kwanza lililokuja mdomoni. Kwamba nilipanga tangu mwanzo kumletea mzee mtani wake, na kwamba mambo ya afisa na ngao yalikuwa ni kumchangamsha.

Mzee kaniangalia. Halafu kasogea kwa Osmund, kamvua tai shingoni polepole, kajivalisha mwenyewe juu ya kanzu, kasema haya, sasa na Mngoni yuko uchi, aende kwa wakubwa zake aone kama watampokea. Na akacheka. Kacheka mpaka kakohoa, kacheka mpaka kashika bodi ya gari. Zuhra alikuwa analia. Nikadhani nimemtia aibu. Kasema hapana, ni kwamba baba hajacheka tangu mama.

Mzee karudi nyumbani na tai. Kalala nayo.

Ushindi mtupu. Ila bado hajataja mwenyekiti.

Jumapili, 6 Julai

Nilisahau kwamba Jumapili gari la kwaya hubeba kwaya. Bahati yangu, kwaya imealikwa kuimba Peramiho, na mzee ndiko alikotaka kwenda. Wakatubeba na sisi. Swalehe kapangiwa kukaa na ngoma mapajani. Tangu jana ni mtu mpole. Alfajiri alikwenda kwa Osmund kumtaka radhi, Osmund akamwambia yeye kwa vile ni wa Tanga bado atamtafutia utani wa kumfaa.

Mpango wa leo: niikomboe ile kofia mimi. Tulipofika Maposeni nikaomba gari lisimame kidogo, nikanunua kuku kwa mama mmoja mwenye shamba la mahindi. Tetea, mwekundu, mnene. Nikamfunga miguu. Nikamkabidhi Osmund mbele ya watu wote, kwa maneno mazuri kuhusu heshima ya wakwe.

Mzee kakataa. Kasema mateka hujikomboa mwenyewe, tena sharti lilikuwa jogoo. Kashuka na tai yake shingoni, akabishana na yule mama kwa furaha, karudi na jogoo mkubwa mwenye hasira. Kwaya nzima ikampigia vigelegele. Mimi nikabaki na tetea wangu.

Peramiho tumeliona kanisa, minara yake, yale matofali mekundu. Mzee kasema waliojenga pale hawakuwa na haraka. Swalehe kaanza kwa hakika, mzee kamwekea mkono begani, kasema mwanangu, ngoja kwanza nilitazame. Tukalitazama. Wakati huo tetea wangu kafungua kamba. Nimemkimbiza kuzunguka ua mzima, pindo la kanzu mkononi, watu wanatoka misani. Sista mmoja kanikamatia kwa mkono mmoja bila kukatisha mazungumzo yake na mwenzake. Kanirudishia, kaniambia nimshike mabawa, si mkia.

Mchana tumekula kwa Osmund. Mzee kachinja jogoo mwenyewe. Nyama ilikuwa ngumu, tumetafuna mpaka taya zimechoka. Osmund kamvalisha mzee kofia yake kwa mikono miwili, na kabla hajamwachia kamnong'oneza kitu. Mzee kamshika mkono, hakumwachia upesi. Baadaye nikamuuliza Osmund alisema nini. Kasema kamwambia pole ya mama, kwa sababu kwenye msiba wake watani wa Songea hawakupata habari, wangekuja kuchimba kaburi, ndiyo kazi ya watani.

Halafu mzee kasimama. Kasema harusi ya Zulfa anataka watu wacheke. Kasema Swalehe anajua kuandika na kutunza mambo, atakuwa katibu, na hakuna katibu kama yeye. Swalehe kafurahi, kwa hakika. Kasema mwenyekiti ni yule aliyemkumbuka mtani.

Kisha kaniangalia, kasema Muhsini.

Muhsini! Nimeandika mara mbili ili nikumbuke. Hotuba yote niliyokuwa nayo kichwani ilipotea, nikasema ahsante baba, nikakaa. Nikamkalia tetea.

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba. Nimewasindikiza stendi. Mzee kashusha kioo cha basi, kaniita kwa jina mbele ya kondakta, kasema tutaonana kwenye kikao cha kwanza, nije na yule mateka wake. Sasa mateka ni Osmund. Sielewi imebadilika lini, lakini wao wanaelewana.

Nimekaa dukani kutwa nikitafakari somo la safari hii. Somo ni kwamba mpango wangu ulikuwa mzuri tangu mwanzo. Ningefanya nini bila tai? Bila kitambulisho? Zuhra anasema nimepewa uenyekiti kwa sababu kila nilichopanga kilivunjika mbele ya baba yake na yeye akapata kitu cha kucheka. Mke wangu ni mtu mzuri lakini mambo ya uongozi hayajui.

Osmund kaja kuchukua tairi lake. Kachukua na soda. Kasema siku ya harusi, nikishika tu maiki, ataipokonya, maana maiki ya Wayao ni mali ya Wangoni, na mzee ameshamruhusu. Nimecheka sana. Utani huo. Hotuba nimeirefusha.

Kikao cha kwanza ni wiki ya tatu ya mwezi huu, Tunduru, na nasikia mjomba wa bwana harusi ni mtu wa maswali. Nimeshazungumza na Osmund. Atavaa koti na kuja kama Mshauri wa Harusi kutoka Dodoma. Atauliza, nitajibu. Majibu safari hii sitaandika kiganjani, nimeshaona tatizo lilipo. Nitaandika tumboni. Udhu haufiki tumboni.